Senta wa 46,000 na dakika 720 za wiki

Ujumbe wa meneja mmoja mgeni wa mchezo wa BuzzerBeater uliingia Jumapili jioni. "Kaka, nimesajili mtu ambaye hakuna mwenzake kwenye kundi letu, na bado nafungwa. Hela nazo zinaisha. Nimekosea wapi?" Alikuwa ameshika timu tangu mwanzo wa msimu, wiki sita, mechi 12 za ligi. Ameshinda 3, amepoteza 9. Aliniruhusu niingie kwenye hesabu zake, kikosi chake na takwimu za mechi zake, na baadaye akakubali niandike kisa chake bila jina. Nakiandika kirefu kwa sababu karibu kila meneja mgeni ninayekutana naye anafanya kosa hili hili, na wengi huiacha timu kabla hawajajua ni kosa gani.

Kwa asiyeufahamu, BuzzerBeater ni mchezo wa intaneti wa kusimamia timu ya mpira wa kikapu. Hushiki mpira wala hubonyezi kitu mechi ikichezwa. Unapanga kikosi, unachagua mbinu, unasajili na kuuza, unaamua mazoezi ya wiki, kisha kompyuta inacheza mechi na wewe unasoma matokeo. Ligi moja ina timu 16 katika makundi mawili ya timu nane. Kila timu hucheza mechi 22 za ligi, wanne wa juu wa kila kundi huingia mchujo. Msimu mzima ni wiki 14. Mazoezi yanahesabiwa Ijumaa, mahesabu ya fedha Jumatatu. Siku hizo mbili ndizo zinazoendesha maisha ya timu, na wageni wengi huzijua tarehe za mechi tu.

Sasa hesabu zake. Mapato ya wiki yalikuwa kama 131,000 za fedha ya mchezo, pamoja na tiketi. Mishahara ya wachezaji 118,000. Mishahara ya kocha wa mazoezi, daktari na mtu wa uhusiano 21,000. Kila Jumatatu timu ilipoteza 8,000, na kwenye hazina zilibaki 24,000. Wiki tatu tu, basi. Baada ya hapo ni deni, na deni likikua timu hutangazwa kufilisika na kutoka mikononi mwako. Katika ile 118,000, senta mmoja, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, peke yake alikuwa anachukua 46,000. Ndiye huyo "mtu ambaye hakuna mwenzake". Alikuwa na miaka 29, alisajiliwa wiki tatu nyuma kwa 310,000, karibu fedha yote ambayo timu ilikuwa imeanza nayo na iliyokuwa imechangwa kwa kuuza wachezaji wengine.

Sikumwambia neno kuhusu bei hiyo. Nilimwomba tufungue mechi moja, ya Jumamosi iliyopita, aliyopoteza 88 kwa 75, kwa sababu mechi moja ukiisoma vizuri inakueleza timu nzima.

Mimi huzisoma takwimu kwa mambo manne ambayo Dean Oliver, mchambuzi wa takwimu wa Marekani, aliyatenga kama yanayoamua mechi ya kikapu: ubora wa mitupo, mipira inayopotea, ribaundi za kushambulia (kudaka mpira mtupo wa timu yako ukikosa), na mitupo huru. Aliyapa uzito wa takriban asilimia 40, 25, 20 na 15 kwa mfuatano huo. Yalitokana na mpira wa kweli, lakini mchezo huu umejengwa kuufuata mpira wa kweli, kwa hiyo yanafanya kazi humu pia.

Timu yake ilitupa mara 81 na kufunga 29, tano kati ya hizo zikiwa za pointi tatu. Ukitaka ubora wa kweli, kila ya pointi tatu unaiongezea nusu: 29 na 2.5, gawa kwa 81, unapata asilimia 39. Wapinzani walifunga 34 kati ya 78, nne za pointi tatu: asilimia 46. Hapo peke yake mechi imeshaegemea upande mmoja. Mipira iliyopotea: yeye 19, wao 11. Mitupo huru: yeye 12 kati ya 18, wao 16 kati ya 20. Kisha ribaundi za kushambulia: yeye 18, wao 8.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae kitini vizuri. Timu iliyofungwa kwa pointi 13 ilikuwa imewazidi wapinzani kwa ribaundi kumi chini ya kikapu cha mwenzake. Senta wake alikuwa anafanya kazi aliyolipiwa. Ribaundi tisa kati ya zile 18 zilikuwa zake. Lakini alitupa mara 24 na kufunga 8 tu. Senta wa kiwango kile hakosi mitupo 16 kwa sababu hajui kutupa. Anakosa kwa sababu mpira unamfikia akiwa amebanwa, mgongo kwa kikapu, saa ya shambulizi inakaribia kuisha. Nikamwambia aangalie alama za timu kwenye ripoti ya mechi. Ribaundi juu, ufungaji wa ndani wa wastani, na mtiririko wa mashambulizi chini kabisa. Mtiririko ule unatoka kwa watu wanaopiga pasi na kumiliki mpira, hasa pointi gadi, yule anayeuleta mpira na kuongoza shambulizi. Pointi gadi wake alikuwa mtu wa kutupa, pasi zake dhaifu, na yeye peke yake alipoteza mpira mara sita.

Alichokifanya ni kununua mlango wa chuma na kuufunga kwenye ukuta wa tope. Mbinu aliyochagua ilikuwa kushambulia ndani, kila mpira upelekwe kwa senta. Lakini wa kuupeleka hakuwepo.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ni kosa dogo. Kubwa lilikuwa kwenye dakika.

Mechi ya humu ni dakika 48, na uwanjani kuna nafasi tano, kwa hiyo kila mechi inakupa dakika 240 za kugawa. Yeye alikuwa ametoka kwenye kombe, akibaki na mechi mbili za ligi na moja ya kirafiki kwa wiki. Mechi tatu mara 240 ni dakika 720. Hizo ndizo mali ya kweli ya timu changa. Fedha unaweza kukosa, mashabiki wanaweza kukukimbia, lakini dakika 720 unazo kila wiki sawasawa na bingwa wa nchi. Tajiri hana hata moja zaidi yako.

Tukazihesabu zake. Senta: 44, 41 na 46, jumla 131. Kwenye mechi ya kirafiki, isiyo na pointi wala zawadi, alikuwa amemchezesha dakika 46. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nilitaka nishinde hata moja, kaka." Namwelewa, lakini mchezaji akipita kiasi katika wiki fomu yake inashuka, kama inavyoshuka ya asiyecheza kabisa. Dakika zinazomfaa ni kama 50 hadi 75 kwa wiki. Senta huyu alikuwa anakaribia mara mbili ya hapo kwa wiki ya tatu mfululizo, na fomu yake ilikuwa imeporomoka kutoka juu hadi kati. Alikuwa analipa 46,000 kupata mtu wa thamani ya 30,000.

Kwenye benchi, wakati huo huo, kulikuwa na kijana wa miaka 18, sentimita 183, aliyekuja na timu siku ya kwanza. Mshahara wake 3,000, na kipaji chake kilikuwa na kikomo cha juu, yaani ana nafasi ndefu ya kukua. Wiki ile alikuwa amecheza dakika 11.

Hapa inabidi nieleze mazoezi, maana ndipo wageni wengi wanapopotea. Unachagua stadi moja ya wiki na nafasi itakayofundishwa. Anayefaidika ni yule aliyecheza mechi katika nafasi hiyo, na ili apate somo kamili anahitaji dakika 48 katika nafasi hiyo ndani ya wiki. Ukichagua nafasi moja tu, somo ni zito. Ukichagua nafasi mbili, linagawanyika na kila mmoja anapata kidogo. Ukichagua timu nzima, kila mtu anaonjeshwa. Nafasi moja ina dakika 48 kwa mechi, mara tatu ni 144, kwa hiyo unatosha kulea vijana watatu kwa somo kamili, si wanne. Umri mdogo hujifunza haraka zaidi, na kimo kina neno lake: wafupi hushika upesi stadi za nje kama pasi na kumiliki mpira, warefu stadi za chini ya kikapu.

Bwana mdogo, meneja aliyeniandikia, alikuwa amefundisha kutupa wiki ya kwanza, ribaundi ya pili, kuzuia mitupo ya tatu, kisha pumzi, kisha kutupa tena. Karibu kila mara timu nzima. Aliona stadi hazipandi akadhani kocha wake hafai. Ukweli ni kwamba ngazi unazoziona ni namba nzima, na chini yake kuna sehemu zilizofichwa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo kumi kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyojaa akaiona.

Uamuzi

Nilimshauri amuuze senta, na hapo tulibishana usiku mzima. Hoja yake haikuwa ya kitoto. Senta alikuwa amefunga karibu robo ya pointi zote za timu, wapinzani wengi wa kundi walikuwa dhaifu ndani, na kumuuza baada ya wiki tatu kungemtia hasara mara mbili: bei ingeshuka, na wakala hukata zaidi kwa mchezaji uliyekaa naye muda mfupi. Alipendekeza auze wachezaji watatu wa kati, apate pointi gadi mzuri, amwache senta amalize msimu.

Nililipima pendekezo hilo kwa makini. Watatu wale kwa pamoja walikuwa wanalipwa 31,000. Pointi gadi anayestahili kumlisha senta yule asingepungua mshahara wa 25,000. Kwa hiyo pengo la 8,000 lingebaki 2,000, lakini kikosi kingekuwa na watu saba wa kucheza. Senta angezidi kuchoka, na kijana angeendelea kukaa. Msimu ungeisha, senta ana miaka 30, bei yake chini zaidi, na hakuna aliyekua. Timu ingefika msimu mpya ikiwa pale pale, pungufu ya fedha.

Kilichomgeuza hakikuwa hesabu hizo. Nilimuuliza yuko daraja la ngapi. La mwisho, akasema. Sasa ukishika mkia utashuka uende wapi? Alinyamaza kidogo, akaandika: "Hakuna." Alikuwa ameendesha wiki sita kama mtu anayekimbia kushuka daraja, katika daraja lisilo na chini. Kufungwa kuna gharama, mashabiki hupungua na tiketi nazo, sipuuzi hilo. Ila ni gharama ya kuvumilika, na daraja la mwisho ndipo mahali pekee utakapowahi kulea vijana kwa bei rahisi namna hiyo. Ukishapanda, kila dakika unayompa mtoto inakugharimu mechi.

Mauzo yenyewe yalitaka umakini kuliko alivyodhani. Mnada wa humu huisha saa uliyoipanga, ukiongezewa dakika chache kila dau jipya likija mwishoni, hivyo unataka uishe wakati wanunuzi wengi wako macho. Mameneja wengi wako Ulaya, kwa hiyo tulipanga uishe jioni ya huko. Pia tulitaka uishe kabla ya mahesabu ya Jumatatu, ili mshahara wa wiki ile umkute senta kwa mwenye naye mpya. Alikwenda kwa 265,000. Makato ya wakala yalipotoka, mkononi zilibaki 236,000. Hasara ya 74,000 ndani ya mwezi mmoja. Iliuma, na niliona inavyomuuma, lakini mshahara wa senta peke yake ungezimeza fedha hizo chini ya wiki mbili.

Kwa zile 236,000 alinunua watu watatu. Gadi wa miaka 31, pasi safi, mkono mtulivu, kwa 28,000 na mshahara wa 14,000. Wazee wa aina hii ni rafiki wa timu changa, kwa sababu wengine hawawataki: hutawauza tena kwa faida, lakini unapata stadi nyingi kwa bei ndogo. Akachukua na senta wa miaka 32 asiye na makuu, mshahara 17,000. Wa tatu ni kijana mwingine wa miaka 18, mfupi, kipaji kizuri, kwa 40,000. Mchezaji wa tatu wa kulea alikuwepo tayari kikosini, wa miaka 19. Mishahara ikashuka hadi 106,000, ikageuza hasara ya 8,000 kuwa faida ya 4,000 kwa wiki. Sehemu ya fedha iliyobaki iliongeza viti vya bei nafuu uwanjani.

Mpangilio

Mazoezi yakawekwa kwenye kumiliki mpira, nafasi ya pointi gadi peke yake, yasiguswe hadi mwisho wa ligi. Vijana watatu, mechi tatu, kila mmoja na mechi yake. Aliyeiva kuliko wenzake alipewa mechi ngumu ya ligi, wa pili mechi nyepesi, na dhaifu zaidi ile ya kirafiki. Mzee wa pasi hakuwekwa pointi gadi, maana angekula dakika za somo. Aliwekwa gadi wa pili, pembeni ya mtoto, ambako pasi zake bado zinaingia kwenye mtiririko wa timu.

Wiki ya kwanza jambo moja dogo liliharibu somo. Kijana wa mechi ya Jumanne aliishia dakika 39. Bwana mdogo alikuwa ameorodhesha mchezaji mwingine kama akiba wa nafasi hiyo, na kijana alipofikisha madhambi manne kocha akamtoa. Dawa yake ni kumwandika kijana yule yule mwanzo, akiba na akiba ya pili, asiwepo wa kumpokea. Unabeba hatari kwamba atacheza akiwa na madhambi, na timu itaumia. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo kwamba itaumia.

Mbinu nayo ilibadilika. Tuliacha kulazimisha mpira ndani, tukarudi kwenye mbinu ya kawaida isiyoegemea upande wowote, mpaka kikosi kionyeshe kinaelekea wapi. Na kwa ari ya timu, ambayo unaweza kuiacha kawaida, kuilegeza ili ipande kwa mechi zijazo, au kuikaza ukitumia akiba uliyoweka, tulilegeza dhidi ya timu mbili za juu ambazo hatukuwa na njia ya kuzifunga, tukakaza mara moja tu, dhidi ya timu iliyokuwa nafasi moja juu yetu.

Mechi mbili za kwanza alipoteza, moja kwa pointi 27. Alinitumia picha ya matokeo bila neno. Kisha mipira iliyopotea ikaanza kupungua: 17, 15, 14, 12. Katika mechi nane zilizobaki alishinda sita. Alimaliza na ushindi 9 na kupoteza 13, nafasi ya tano katika kundi la nane, hatua moja nje ya mchujo. Kijana wa sentimita 183 alikuwa amepanda ngazi mbili za kumiliki mpira kwa Ijumaa tano, na mshahara wake ukiwa ule ule 3,000, kwa kuwa mishahara haibadiliki hadi msimu mpya uanze.

Kuna jambo ambalo nilimshauri vibaya, na halipaswi kufichwa. Katika kikosi cha mwanzo alikuwepo kijana mrefu, miaka 19, sentimita 208. Nilimwambia amuuze mapema, kwa hoja kwamba tunafundisha gadi na yeye atakaa bure. Aliuzwa kwa 22,000. Wiki nne baadaye nilimwona sokoni akinadiwa, mnunuzi wake akiwa amemfundisha ulinzi wa ndani, na dau lilikuwa limeshapita 90,000. Tungeweza kumwacha akae benchi kwa mshahara wake mdogo, kisha msimu ujao tugeuze mazoezi tufundishe nafasi ya senta. Nilitazama mpango wa wiki tano nikasahau kwamba timu ile ina misimu mingi mbele yake.

Msimu mpya ulipofunguka mishahara ilihesabiwa upya. Kijana wa pointi gadi alitoka 3,000 hadi karibu 6,000, wenzake wawili nao wakapanda, na ile faida ya 4,000 ikaliwa kwa siku moja. Jumatatu hiyo hiyo aliniandikia: kuna timu imempa ahadi ya dau kubwa kwa huyo kijana akimweka sokoni, zaidi ya nusu ya fedha aliyowahi kumnunulia senta. Hakuuliza amuuze au asimuuze. Aliuliza nafasi ya pointi gadi ina dakika ngapi zitakazobaki wazi akiondoka, na ni nani wa kuzijaza kabla ya Ijumaa.